Watoto wa kindi wawili: mmoja jicho limevimba, mwingine jicho lina weupe. Ni maziwa au ni nini?

#1 Msahare
Wakuu salaam. Niko Sahare, Tanga mjini. Jirani kaangusha mkorosho wake uliooza kati, ndani ya tundu wakakutwa watoto wawili wa kindi. Mama yao hakuonekana tena, na paka wa mtaani walishaanza kuzunguka, nikawachukua nikawatia kwenye boksi la viatu na kipande cha kanga. Manyoya yameshaota, tumbo na mkia vina wekundu, wanaenea kiganjani.

Nawanywesha maziwa ya ng'ombe ya kuchemsha, nayazimua na maji nusu kwa nusu, kwa bomba la sindano nililotoa sindano. Wanakunywa vizuri. Tatizo macho. Mdogo jicho la kulia halijafumbuka, limevimba na linatoa tongotongo la njano linalogandisha kope. Mkubwa kafumbua yote mawili ila la kushoto lina weupe katikati. Mwanzo nilidhani ni mwanga wa taa, kumbe hata mchana upo.

Mama mwenye nyumba anasema ni maziwa ya ng'ombe ndiyo yanayowaharibu. Mimi nasema ni uchafu uliowaingia mti ulipoanguka. Nani ana haki hapa? Bwana mifugo niliyempigia simu kaanza kwa kucheka.

#2 Kijana wa Duga
Wenzio tunawasaka kwa manati, wewe unawanunulia maziwa. Ama kweli Tanga raha!

#3 Machungwa Muheza
Namuunga mkono #2. Panda mahindi leo, kesho asubuhi kindi kapita mstari mzima anafukua mbegu moja moja, na anajua hasa ulipofukia. Ila haya, mtoto hana kosa. Endelea kaka.

#4 Mifugo Mstaafu
Nyie #2 na #3 pisheni.

Mleta mada, kabla ya macho nikuulize: hao watoto wa moto au wa baridi? Washike tumboni. Mtoto wa kindi aliyepoa hapewi maziwa hata kidogo, tumbo lake limesimama, maziwa yatachachia humo humo. Kwanza joto. Chupa ya maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke upande mmoja wa boksi ili akiona joto limezidi ajisogeze. Pili maji. Bana ngozi ya mgongoni taratibu. Ikichelewa kurudi, kakaukiwa. Mpe ORS ya vuguvugu, ile ile ya binadamu. Huna? Lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maziwa ni la tatu.

Sasa macho. Lile lililovimba na kufunga, kuna usaha umejaa nyuma ya kope. Chemsha maji, robo lita tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, yaache yawe vuguvugu. Chovya pamba safi, kamua, iweke juu ya jicho dakika kadhaa mpaka gamba lilainike lenyewe, kisha futa kuelekea nje. Pamba moja jicho moja, usirudishe. Mara tatu nne kwa siku. USIKWANGUE na usifungue kope kwa kucha. Kama wakati wake wa kufumbua haujafika utamchana.

Lile jeupe ni habari nyingine kabisa. Usiyachanganye haya macho mawili, kila moja lina kesi yake.

#5 Mkwezi wa Pongwe
Mzee #4 shikamoo. Mimi ni mkwezi, kindi nawaona kila siku juu ya minazi, wananitukana kwa ule mlio wao. Niseme nilichokiona kwa macho yangu: kitoto kikianguka kutoka juu, jicho linaharibika hata kama hakuna jeraha la nje. Kimoja kilidondoka kwenye mnazi mrefu, kesho yake mbele ya jicho kuna damu imetuama chini, juu peusi, imejikata mstari kabisa. Kingine kilitokwa na damu puani. Huyu wa mkorosho ameanguka na mti mzima! Weupe wa huyo mkubwa mimi nauita kishindo. Habari ya maziwa mnamsingizia ng'ombe.

#6 Bi Ngamiani
Mwanangu, dawa ya tongotongo haihitaji duka. Tafuta mama anayenyonyesha, akamulie tone moja jichoni. Sisi barabara ya kumi na mbili tumelelewa hivyo na macho tunayo mpaka leo, tunatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

#7 Kijana wa Duga
Sasa anaendaje kwa mke wa mtu, "dada samahani, naomba tone moja la kindi"? Atarudi na yeye jicho limevimba.

#8 Sista wa Wodi
Bi Ngamiani, shikamoo bibi. Mimi ni muuguzi, na hili nalipigania kila siku wodini. Maziwa ya mama ni chakula. Jichoni yanakaa, yanachacha, na kama kuna vijidudu umevipelekea mlo. Mtoto wa binadamu akizaliwa tunampaka dawa ya macho ya tyubu, tetrasaiklini ya asilimia 1, kwa sababu ya maambukizi anayoweza kuyachukua njiani wakati wa kuzaliwa, na hayo yanaweza kupofusha haraka. Hatumpaki maziwa.

Kwa kindi wa mleta mada, tyubu hiyo hiyo ndiyo ningeanza kuulizia kwa daktari wa wanyama. Mstari mwembamba ndani ya kope la chini baada ya kusafisha kama alivyoeleza mzee #4. Ila lile lililofunga, dawa itapitia wapi? Hilo lionwe na mtu.

#9 Mtafiti wa Panya
Mama mwenye nyumba wako anaweza kuwa kakaribia ukweli kuliko wote hapa.

Sukari ya maziwa ni laktosi. Tumboni inavunjwa kuwa glukosi na galaktosi. Galaktosi ikizidi mwilini inaingia kwenye lenzi ya jicho, huko inageuzwa kuwa aina ya pombe ya sukari ambayo haitoki. Inavuta maji, lenzi inavimba, nyuzi zake zinavurugika, inakuwa nyeupe. Huo ni mtoto wa jicho. Kwa panya wa maabara hili linajulikana miaka mingi, ukimlisha galaktosi kwa wingi anapata mtoto wa jicho ndani ya wiki chache.

Maziwa ya ng'ombe yana laktosi karibu asilimia 5 na mafuta asilimia 3 na nusu hadi 4. Maziwa ya kindi ni mazito sana kwa mafuta, mara kadhaa ya hayo, na sukari yake ni ndogo. Kwa hiyo ukimpa ya ng'ombe anakosa nguvu, anakunywa mengi ili ashibe, na kila tone lina sukari isiyomfaa. Ukiyazimua kwa maji ndio umemwongezea njaa.

Na bibi #6, ya binadamu ni zaidi: laktosi yake ni kama asilimia 7.

#10 Mama Pangani
#9 nakukatalia. Nimelea kindi kwa maziwa ya ng'ombe mtupu, tena ya kukamua hapo hapo bandani. Leo huyo kindi anaingia jikoni kwangu anachagua embe lililoiva na kuacha bichi. Haoni vipi?

#11 Mtafiti wa Panya
Dada #10 sikatai yako. Ulimpata ana umri gani? Kama alikuwa karibu kuachishwa, alikunywa muda mfupi akahamia kwenye matunda. Anayeanza kunywa hajafumbua macho ndiye anayebeba mzigo. Halafu sijasema kila kindi atapofuka, nimesema njia ipo.

#12 Mama Pangani
Alikuwa hajafumbua. Ulizia mengine.

#13 Kidagaa
😂😂 Pangani 1, Maabara 0.

#14 Chai ya Tangawizi
Basi ampe mtindi. Mtindi laktosi yake imeshaliwa na bakteria. Na Tanga mtindi haujawahi kuadimika.

#15 Mtafiti wa Panya
Subiri. Bakteria wa mtindi wanaivunja laktosi, wanakula glukosi, galaktosi nyingi wanaiacha humo humo. Mwaka 1970 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo panya waliolishwa mtindi mtupu walipata mtoto wa jicho. Kwa binadamu wengi haina shida, ini letu linaimaliza. Hata wa mbuzi hauna nafuu kubwa, laktosi yake inapungua kidogo tu.

#16 Chai ya Tangawizi
Duh. Kwa hiyo panya wa Marekani wanakula mtindi na sisi tunakula ugali wa chumvi.

#17 Mifugo Mstaafu
Tusimpeleke kijana kwenye maabara wakati hata hatujajua weupe uko wapi. Kuna weupe wa juu na weupe wa ndani, na hapo ndipo #5 na #9 wanapigana bila kujuana.

Msahare, mtie mkubwa kwenye soksi, kichwa tu kibaki nje, chumba kiwe na giza. Mulika tochi ya simu kutoka UBAVUNI, usimchome nayo usoni. Kama weupe uko juu kabisa, mbele ya mboni, utauona umekaa kama doa juu ya kioo cha saa: hiyo ni konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kina kidonda, kovu au mkwaruzo. Kama juu pako safi panang'aa na weupe uko ndani ya lile tundu jeusi, hiyo ni lenzi. Halafu angalia kama mboni inajibana taa ikija. Rudi utuambie.

#18 Kope za Kasuku
Wakuu mnazunguka sana. Kuna matone famasi yanakata wekundu na uvimbe siku moja tu, hata mimi nikiamka vibaya naweka. Yale yenye deksamethasoni. Bei ya soda. Weka macho yote mawili.

#19 Sista wa Wodi
HAPANA HAPANA. Msahare, usiiguse hiyo kabla konea haijaangaliwa. Hiyo ni steroidi. Wekundu unaondoka kwa sababu umeuzima ulinzi wa jicho, na kama chini kuna kidonda, kinachimba kimya kimya mpaka jicho linatoboka. Tumeona kwa watu wazima wenye akili zao timamu wanaojinunulia wenyewe. Na wewe #18 nenda kapime macho, kutumia hayo matone kila ukiamka vibaya kunaweza kupandisha presha ya jicho.

#20 Kope za Kasuku
Sawa sista, umenitisha. Natupa.

#21 Msahare
Nimefanya alivyosema mzee #17. Kumshika kwenye soksi ni kazi, alinikojolea mkono.

Mkubwa: juu ya jicho pako safi, taa inang'aa vizuri. Weupe uko ndani. Haujajaa tundu lote, umekaa katikati, ukingoni peusi. Mboni inajibana. Nilipopitisha kidole upande huo hakushtuka, upande wa pili alishtuka.

Mdogo: baada ya pamba ya maji ya chumvi, gamba limetoka, kope likaachia kidogo kwenye kona ya puani, ukatoka usaha mzito mwingi kuliko nilivyodhania. Uvimbe umeshuka nusu. Jicho lenyewe bado sijaliona lote. Ananusa na kutafuta bomba, hamu ya kula anayo.

Maziwa nimesimamisha jana usiku, wako kwenye ORS. Nifuate yapi?

#22 Mtafiti wa Panya
Weupe wa katikati ya lenzi. Sisemi kitu. 🙂

#23 Mkwezi wa Pongwe
Sema tu, usijifiche nyuma ya kicheko. Lakini jibu hili: maziwa ni yale yale, wamekunywa wote wawili, macho manne. Mbona ni jicho MOJA tu? Sukari inachagua kushoto na kulia? Kishindo ndicho kinachochagua.

#24 Mtafiti wa Panya
Swali zuri, nakiri linanibana. Lishe kawaida hupiga macho mawili. Ila linaweza kuanza moja likatangulia. Aliangalie lile la kulia kwa tochi kila baada ya siku chache.

#25 Mwalimu wa Usagara
Kuna la tatu: anaweza kuwa amezaliwa nalo. Na la nne, umri. Tumechukulia hawa wamechelewa kufumbua au wamewahi, kwa kipimo gani? Yale maelezo ya mtandaoni ni ya kindi wa kijivu wa Marekani, ambaye hufumbua akiwa na wiki 4 hadi 5. Hawa wa kwetu wa vichakani huzaliwa wamekomaa zaidi na hufumbua mapema zaidi. Tumbo na mkia mwekundu huyo ni *Paraxerus palliatus*, huzaa mmoja au wawili tu, kwa hiyo hao wawili ndio uzao mzima. Angekuwa na mkia wa pete pete ningesema kindi wa jua, huyo naye yupo Tanga tele.

Kwa hiyo kama mkubwa keshafumbua, mdogo wa tumbo moja naye wakati wake umefika. Jicho lake limegandishwa tu, halijachelewa. Mtu mwenye mkono mwepesi anaweza kulifungua.

#26 Mifugo Mstaafu
Mwalimu yuko sawa, na mimi #4 nilisema asubiri kwa kuwa sikujua wa pili kafumbua lini. Mkono mwepesi lakini uwe wa daktari.

Kuhusu maziwa: tafuta ya unga ya watoto wa mbwa, maduka ya pembejeo za mifugo huagiza. Yana mafuta zaidi na laktosi kidogo. Yakikosekana kwa siku mbili tatu, usirudi kwenye nusu kwa nusu. Ya ng'ombe usiyazimue, bali ongeza malai. Si dawa, ni kuvuka mto. Kipimo: mililita 5 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja. Akiwa gramu 40, ni mililita 2 basi. Kapime kwa muuza viungo au sonara, mizani ya nyama haitamwona. Alale kifudifudi unapomnywesha, si chali kama mtoto wa mtu. Maziwa yakitoka puani simama, mwinamishe kichwa chini, futa. Ukisikia kifua kinakwaruza siku inayofuata, yameingia mapafuni. Wanaokufa mikononi mwa watu wengi wao wanakufa kwa hilo, macho hayajawahi kuua kindi.

Na baada ya kunywa umsugue sehemu za nyuma kwa pamba ya maji vuguvugu mpaka akojoe. Mama yake alikuwa akifanya kwa ulimi.

#27 Kijana wa Duga
Mzee anajua mpaka mambo ya ulimi. Shikamoo.

#28 Mawese
Hakuna aliyetaja vitamini A. Macho makavu, ukungu, usaha unaorudi, yote hayo yanaweza kuwa upungufu wa A. Kliniki wanatoa vidonge laini kwa watoto, unatoboa unadondoshea tone. Nilimwekea sungura.

#29 Sista wa Wodi
Cha bluu kina uniti 100,000 na ni cha mtoto wa miezi 6 hadi 11. Chekundu ni 200,000. Huyu ana gramu arobaini. Vitamini A haitoki na mkojo, inarundikana kwenye ini inakuwa sumu. Akianza kula, kipande cha papai, karoti au mchicha kinatosha.

#30 Mawese
Sungura wangu hakufa lakini.

#31 Machungwa Muheza
Mimi niliyewatukana #3 nieleze kitu. Mwaka ule wa mvua nyingi mwanangu aliokota kitoto chini ya mchungwa, jicho limefunga vile vile. Tukasema usaha. Mke wangu akamgeuza kwenye mwanga, akaona kona ya jicho pana vijiti vyeupe vidogo vimepangwa sambamba, vingine ndani ya sikio, vingine puani. Mayai ya nzi. Akayatoa moja moja kwa chanuo la chawa na brashi ya mswaki iliyolowa, kazi ya saa nzima, kitoto kinalia. Mengine yalishaangua, yanachezacheza chini ya kope. Hicho hakikupona.

Kwa hiyo Msahare, huo usaha mzito, uangalie kama una kitu kinachotembea. Na boksi funika kwa neti.

#32 Msahare
Nimeangalia masikio, pua, makwapa na mkunduni. Hamna mayai. Neti nimeweka. Ahsante sana kaka, hili sikulijua kabisa.

#33 Raia Mwema TA
Samahani kuharibu sherehe. Kindi ni mnyamapori. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huwezi kumfuga nyumbani bila kibali. Toa taarifa TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Pia mnasahau maradhi. Mpox, ile homa ya nyani, inatoka kwa kindi.

#34 Kijana wa Duga
Yaani wa manati hakamatwi, wa maziwa akamatwe?

#35 Raia Mwema TA
Wa manati naye ana kosa. Nimekusoma #2, nakuona.

#36 Mwalimu wa Usagara
Kuhusu taarifa nakubaliana na #33, na daktari wa mifugo wa wilaya anaweza kuwasaidia kuwasiliana nao. Mpox tuiseme ilivyo: mwaka 1985 virusi vilipatikana kwa kindi mgonjwa wa misituni kule Zaire, jamii tofauti na hawa. Mwaka 2003 Marekani walipata mlipuko kupitia wanyama wagugunaji walioagizwa kutoka Ghana. Hilo halimfanyi kila kindi wa Sahare kuwa mgonjwa. Osha mikono, usimbusu, watoto wasimchezee.

Na kichaa cha mbwa kabla hamjauliza: wanyama wadogo wa aina hii ni nadra sana kukutwa nacho. Bado akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali wakushauri.

#37 Kidagaa
Kwa nini wasipelekwe Morogoro tu, kule wanafundisha panya buku kunusa mabomu na kifua kikuu. Kindi mwenye jicho moja atapewa idara ya kunusa.

#38 Mama Pangani
Mmesahau mifupa. Wakianza kula msiwape karanga na alizeti tupu kwa kuwa wanazipenda. Zina fosforasi nyingi, kalsiamu kidogo, miguu ya nyuma inalegea, wanakuwa wanajikokota. Mimi ganda la yai nalioka, nasaga unga, nanyunyiza kwenye parachichi.

#39 Mtafiti wa Panya
Hapo Pangani 2. Ila parachichi acha, kwa wanyama wengi wadogo na ndege lina sumu. Nyunyiza kwenye boga au papai.

#40 Mama Pangani
Wangu anakula parachichi.

#41 Mtafiti wa Panya
Nilijua utasema hivyo.

#42 Msahare
Mrejesho. Nimempata daktari wa wanyama mwingine, dada mmoja kijana, hakucheka. Mdogo kamfungua kope kwa maji ya chumvi na pamba ya kijiti, bila kuvuta, dakika kumi nzima. Jicho lipo. Akagusisha karatasi ya rangi ya chungwa, jicho likawa kijani, akamulika taa ya buluu. Kidonda kipo kidogo pembeni, kwa hiyo #18 ningekufuata ningelitoboa. Kampa tetrasaiklini na kaniambia nirudi.

Mkubwa, amekubali ni lenzi. Nikamuuliza sababu: maziwa, kishindo au kuzaliwa? Kasema kwa jicho moja tu angefikiria kishindo, kwa weupe wa katikati angefikiria lishe au kuzaliwa, na kwa kuwa amenyweshwa maziwa yale hawezi kuiondoa lishe. Nibadilishe maziwa, niangalie jicho la pili.

#43 Mkwezi wa Pongwe
"Kwa jicho moja tu angefikiria kishindo." Nashukuru daktari.

#44 Mtafiti wa Panya
"Hawezi kuiondoa lishe." Nashukuru daktari.

#45 Bi Ngamiani
Mimi je? Hajauliza habari ya maziwa ya mama?

#46 Msahare
Bibi sikuthubutu.

Swali lingine: mkubwa akibaki na jicho moja, nitamwachia porini?

#47 Mwalimu wa Usagara
Macho ya kindi yako pembeni mwa kichwa. Akikosa la kushoto, upande mzima wa kushoto hauoni kipanga anayekuja. Na kuruka tawi hadi tawi anakadiria umbali kwa macho yote mawili. Mimi nasema asiachiwe, atafutiwe kituo kupitia wahusika wa #33.

#48 Mkwezi wa Pongwe
Mwalimu, yuko mmoja pale Pongwe, chongo, namjua kwa kovu. Anaruka mnazi hadi mwembe misimu kadhaa sasa. Kabla ya kuruka anapandisha na kushusha kichwa mara mbili tatu, halafu huyo. Wa kufugwa tangu utotoni ndiye sijui, maana huyo hata paka atamwendea akidhani ni wewe umeleta bomba.

#49 Mifugo Mstaafu
Hapo kuna hoja. Wawaweke wawili pamoja, mikono ya watu ipungue mara tu wakianza kula wenyewe, na paka asiwe sehemu ya familia. Kuachiwa kutaamuliwa na watakaowachukua.

#50 Kope za Kasuku
Wakuu nje ya mada kidogo: mnajua dawa ya kinda la bundi? Limeangukia kwenye baraza langu huku Raskazone, jicho moja limefunga, nalipa maziwa linakataa.

#51 Mifugo Mstaafu
Fungua uzi wake. Na hayo maziwa yaondoe sasa hivi, bundi hanyonyi.